Upindo wa Kiganja Kizima

"Hata ukinipigia magoti, cherehani siuzi," Mwihaki alisema, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Nani amepiga magoti?" Githinji, mumewe, alikuwa amejaza mlango wote. "Nakwambia funga hii kazi, Mama Wahu. Mzungu wa kule Burnt Forest anahama, watu wanachanga pesa wagawane shamba lake. Wewe umekaa hapa Eldoret unashindana na meli!"

Wanawake watatu waliomsaidia Mwihaki kushona waliinamia vitambaa vyao, wakijifanya hawasikii. Magauni ya shule kutoka ng'ambo yalikuwa yamefurika sokoni, bei nusu ya yale yao. Alasiri hiyo wazazi wa shule moja ya Kiplombe wangekutana kuamua wanunue yapi. Wakichagua ya ng'ambo, chumba hiki kingefungwa.

"Na magauni mengine bado yanakuja," Githinji aliongeza.

"Nani amekwambia?"

"Watu."

Mwalimu Sarah Jepkosgei, mkuu wa shule hiyo, aliingia na gauni la ng'ambo mkononi. Hakuketi.

"Mwihaki, wachana na mambo ya bei. Hapo utapigwa tu. Angalia hapa." Aligeuza gauni ndani nje. Upindo wake ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. "Hawa walioshona hawatujui. Hapa kwetu mama ananunua gauni moja, mtoto avae mpaka darasa la nne, kisha mdogo wake naye avae. Hili likiwa fupi, limekwisha. Wewe weka upindo wa kiganja kizima. Mtoto akirefuka, mama anafumua, gauni linashuka."

Mwihaki alichukua gauni moja kati ya yale aliyoshona, akalikunja chini upana wa kiganja, akashikiza kwa mkono, nyuzi ndefu ndefu. Halafu akavuta uzi. Gauni likashuka mbele ya macho yao.

"Huyo mtoto ataolewa nalo!" mmoja wa washonaji alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Githinji hakucheka. Alikuwa ameukodolea macho ule upindo.

"Usiende huko kwa mkutano," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesema usiende."

"Baba Wahu, nipe sababu ama unipishe njia."

Githinji aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, kisha akashusha sauti.

"Hayo magauni ya ng'ambo ni yangu. Pesa yetu yote ya kununulia shamba iko ndani ya marobota yaliyoyaleta."

Mwihaki alilikunja gauni lake taratibu, akalitia kapuni.

"Mwalimu, twende," alisema. "Wazazi wasije wakatungoja."