Mifupa ya Nguchiro

Usiku mmoja kucha ziligonga bati la bucha: kwa! Nguchiro, mfagizi wa bucha la Fisi, akachungulia. Fisi, Chui na Mbweha, ambao mchana hutukanana wakigombea wateja, walikuwa wameketi pamoja, na juu ya bati mzee mmoja aliyemfahamu vizuri akiwatajia bei.

Asubuhi mabucha yote matatu yalikuwa na bei moja, mpya.

"Ukame, mama," kila mwenye bucha alimwambia mteja.

Wanyama wakamwendea Nguchiro. "Wewe unashinda humo. Nani anawapangia bei?"

"Mimi nafagia tu, ndugu zangu."

Fisi alikuwa akimpa mifupa ya bure ili anyamaze, naye aliichemsha supu ya mwanawe mgonjwa. Kila bei ilipopanda aliulizwa, na kila alipoulizwa alifagia.

Kisha mifupa nayo ikapandishwa kwenye mizani.

"Tuliahidiana, Bwana Fisi!"

"Ahadi haina kilo, mama. Lipa au pisha wengine."

Mtoto alikaa siku tisa bila supu, akafa.

Kwenye matanga akaja Tai, mzee anayeheshimiwa na wote, shingo kaiinamisha, kabeba paja la ng'ombe.

"Pole, binti yangu. Pokea rambirambi. Mungu awalaani wanaopandisha bei."

"Amina," waombolezaji wakaitikia.

Nguchiro hakulipokea paja. Alizitazama kucha zilizolishika, kisha akawageukia wenzake.

"Mlikuwa mkiniuliza jina," alisema. "Ni Tai."