Niite Tena

Muuguzi alinifundisha: baada ya kila kijiko cha uji, mgonjwa aseme neno. Sauti ikibubujika, uji umepotea njia, umeingia mapafuni, nimkimbize hospitali.

Tangu mume wangu apooze upande mmoja, wageni wamekatika mmoja mmoja. Watoto ni salamu za simu. Neno letu ni lile analoniita kwa utani tangu tuoane.

"Niite, mzee wangu."

"Bi harusi."

Humu ndani hakuna mwingine wa kuniita.

Leo hakupaliwa wala hakukohoa. Alimeza, akatabasamu kwa upande wake mzima, akasema, "Bi harusi," na sauti ikabubujika kama birika linaloanza kuchemka.

Nikaweka kijiko chini. Nikashika simu. Sikupiga.

"Labda sikusikia vizuri," nikamwambia. "Niite tena."