Ngata ya Bluu

Asubuhi bibi shamba wa kijiji alipita kuaga. Bajeti mpya haikutenga dizeli ya pampu ya maji, alisema, na yeye mwenyewe amepunguzwa kazini.

Mwanvita alilitazama shamba la kabichi aliloachiwa na mama yake. Mto ulikuwa mbali bondeni, na ndoo moja isingelitosha.

Akaanua sketi ya bluu kambani, akaisokota taratibu mpaka ikawa ngata.

"Mama, hiyo si sketi yangu ya shule?" binti yake aliuliza.

Mwanvita akamwekea ngata utosini, akaikandamiza kwa kiganja ikae sawa, kisha akampa ndoo.

"Twende, mwanangu, kabla jua halijawa kali."

Njiani kaka wa binti huyo akawapita, madaftari kwapani. Hakuna aliyemwita.