Mtungi wa Kulala Nao Garini

Fundi viti aliurudisha mtungi wa pili wa gesi kaunta, akaomba aletewe wa tatu.

"Na huo una nini, mzee?" muuzaji aliuliza.

"Tarehe ya kupimwa imefutika. Siwezi kulala chumba kimoja na kitu nisichojua umri wake."

"Mimi mbona hakuniuliza," mkewe alisema, na muuzaji akacheka.

Nje lilisimama gari lao, basi dogo ambalo fundi alilitengeneza mwaka mzima kwa mikono yake: kitanda, kabati, jiko la pleti mbili. Kesho wangeanza safari ya miezi miwili waliyoiota tangu watoto wakiwa wadogo. Gesi ingekaa hatua moja tu kutoka kwenye mto wao.

Hilo ndilo lililomnyima fundi raha. Tangu ile homa ya mwaka jana iliyowalaza wote wawili, pua yake haikusikia tena harufu ya kitu chochote. Hakumwambia mtu. Binti yao alishatoa onyo: mmoja wenu akiwa na kasoro hata ya ukucha, safari hakuna. Na mkewe, akijua, angekuwa wa kwanza kufungua mizigo.

Tena alihisi mkewe ameanza kumshuku. Siku hizi kila asubuhi humsogezea chupa ya maziwa. "Hebu nusa, baba watoto, bado mazima?" Naye hunusa, hukunja uso kama mjuzi, husema ni mazima, kisha moyo humdunda mpaka anywe funda la kwanza.

Mtungi wa tatu haukuwa na kutu. Kitako kilikaa sawa, tarehe ilisomeka. Muuzaji alipaka povu la sabuni kwenye koki, wakainama wote watatu kutazama. Hakuna kiputo kilichoinuka.

"Mkishaunga mpira wa jiko, mpake sabuni na hapo," alisema muuzaji. "Gesi yenyewe haina harufu. Hutiwa ile ya yai viza makusudi, ili iwashtue. Ila mkitaka usingizi mzuri, chukueni na kengele hii. Gesi ikivuja, inalia."

Mkono wa fundi ulishaifikia kengele.

"Kengele ya nini, na pua hiyo?" mkewe alimwahi. "Huyu uji ukiungua mtaa wa pili, anakutajia na mpishi."

Fundi akauficha mkono mfukoni. Akibisha, atajifunua. Si kitu, alijipa moyo. Pua ya mkewe ipo.

Waliingia garini, wakafunga mlango kwa sababu ya upepo. Fundi aliunga mpira, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena.

"Niombe ile sabuni?"

"Aa, mwenzangu. Tutafika lini? Jaribu jiko twende zetu."

Alifungua koki. Akasubiri.

"Unasikia harufu yoyote, mama watoto?"

Mkewe aliinama juu ya jiko, akavuta pumzi ndefu. "Wewe je?"

"Mimi sisikii kitu." Angalau hapo hakusema uongo.

"Basi hakuna kitu."

"Una hakika?"

"Washa, bwana. Utanizeesha humu."

Fundi alitoa kiberiti. Mara mlango ukavutwa. Muuzaji, aliyekuja na risiti mkononi, aliruka nyuma hatua tatu huku ameziba pua kwa kola ya shati.

"Usiwashe, mzee. Funga koki, shukeni. Shukeni upesi. Harufu yote hii, mmekaaje humo?"

Fundi alifunga koki. Walishuka wameshikana mikono, wakasimama kwenye upepo. Akamgeukia mkewe amuulize, akakuta macho ya mkewe yamekwisha kumkodolea yeye.

"Mimi," mkewe alisema kwa sauti ndogo, "nilikuwa nasubiri wewe useme."