Sauti ya Marehemu Imo Humu

Mlinzi wa kiwanda alimpapasa fundi viatu mifuko yote mpaka akakikuta kifuani, kimening'inia kwa kamba ya kiatu: kinasa sauti kidogo, cha kusikilizia nyimbo na kurekodia, kimechubuka rangi pembeni. Alikigeuzageuza kama mtu aliyeshikishwa nge. Akauliza ni cha nini.

"Cha mke wangu," alisema fundi viatu. "Niingie nacho, au nikae nacho hapa hapa mlangoni mkubwa wako aje anifuate."

Mlinzi akapiga simu ndani. Alipokata alikuwa mtu mwingine. Alikirudisha kwa mikono miwili, akamwita mzee.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika kiwanda hicho cha kufulia mashuka ya mahoteli, mpaka siku boila la mvuke lilipopasuka naye yuko jirani yake. Wakubwa walileta jeneza zuri na maua, kisha wakatoa taarifa yao: hakuna mfanyakazi aliyewahi kusema boila linavuja, na aliyekaa karibu nalo ni marehemu, kwa hiyo chanzo ni uzembe wa marehemu. Kiwandani mambo yote yalikuwa ya mdomo. Ukiona kasoro unamfuata meneja, unamwambia, anatikisa kichwa, unarudi kwenye pasi yako. Sasa mdomo wenyewe umeshafukiwa, nani atabishana na meneja?

Jeneza fundi alilimeza. Neno uzembe lilimkaa kooni. Alidai kamati ya kuchunguza ajali ikae upya, neno hilo lifutwe.

Kilichowatia wakubwa tumbo joto ni kile kinasa sauti. Marehemu alikuwa akikivaa shingoni zamu nzima, nyimbo sikio moja, na wenzake waliijua tabia yake: kila kilichomchekesha alikirekodi. Msimamizi akitukana, karekodi. Radi, karekodi. Siku ya mkasa alikiacha nyumbani kwenye chaji, kikapona. Basi maneno yakaanza pale pale matangani kwamba habari ya boila imo humo yote, na sauti ya meneja imo.

Fundi hakukubali, hakukana. Kutwa alikaa kwenye kibanda chake na visikilizio masikioni, sindano kwenye soli, uso umekunjwa, na wapita njia wakapunguza sauti kama wanapita msibani. Meneja alituma watu wenye maneno matamu, halafu wenye maneno machungu. Wote walirudi walivyokuja. Hata binti yake alipoomba asikilize kidogo tu, alijibiwa kwamba siku yake haijafika.

Siku hiyo ya kamati, baada ya kupita kwa mlinzi, yeye na binti yake walisubirishwa kwenye benchi la korido, kwa sababu wakubwa hawajui kumwona mtu bila kumchosha kwanza. Kichwa cha fundi kikaanguka kifuani. Binti akamgusa kwa kiwiko.

"Baba, unakoroma. Watu wanaangalia."

"Mimi? Nilikuwa nawaza. Huo uongo mama yako ndiye aliyekufundisha."

Wakaitwa. Ndani palikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na meneja aliyekaba shingo kwa tai. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, alimpa nafasi meneja, naye akasema yale yale: hakuambiwa, angeambiwa angezima boila siku hiyo hiyo, na msiba huu ni wa wote. Fundi alisikiliza hilo la mwisho huku akiiangalia pete ya meneja, akiwaza kwamba nyumbani kwa huyo bado kuna mtu wa kumfungulia mlango.

Ilipofika zamu yake alikivua kinasa sauti, akakiweka katikati ya meza.

"Mama mwenyekiti, shule nilikimbia mapema, maneno ya mezani siyajui. Sauti ya marehemu imo humu. Meneja arudie kwamba hakuambiwa, halafu mimi nibonyeze."

Meneja alichukua glasi akanywa. Haikuwa yake.

"Aliniambia," alisema mwishowe. "Lakini aliniambia huku anacheka. Yule mama kila kitu alikuwa anacheka, mtu ungejuaje?"

Mwenyekiti akauliza kama ilikuwa mara moja. Meneja akasema hapana, hata wiki ile alimfuata, na safari hiyo hakucheka. Kisha ikawa kama bomba limeachia. Akasema aliwapelekea habari hiyo wa juu yake, nao wakamjibu boila lisizimwe mpaka wageni wa mahoteli wapungue, na yeye ana watoto, angefanya nini. Binti alianza kulia bila sauti. Babake alikuwa ameushika kwa nguvu mkono wa binti chini ya meza.

Mwenyekiti alisema neno uzembe litaondoka kwenye jina la marehemu leo hii, na litapelekwa linakostahili. Kisha akakielekezea kidole kile chombo.

"Sasa tusikie."

Fundi akakifunika kwa kiganja. "Si ameshasema mwenyewe, mama? Haina haja tena." Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza kama mtu anayeomba.

"Kamati inasikia ushahidi wote. Washa, mzee."

Aliwasha, akainamisha kichwa.

Kikatoka kishindo kirefu cha kukwaruza, kama msumeno kwenye gogo bichi. Kikakata. Kikapiga mluzi mwembamba. Kikaanza tena, kizito zaidi, mpaka glasi zikatetema mezani. Meneja akafumba macho.

"Ndilo," alinong'ona. "Ndivyo lilivyokuwa likivuma."

Ndipo mwanamke akacheka ndani ya chombo, kicheko cha kubana pumzi ili asimwamshe mtu.

"Mwanangu, njoo umsikie baba yako," ilisema sauti ya marehemu. "Kesho utaona atakavyokataa."