Vanishi Ikikauka

Gitonga alipigilia msumari wa mwisho kwenye mlango wa jikoni, akausukuma kwa bega, akaridhika.

"Sasa huo mlango umekukosea nini?" Bilhah, mkewe, alimuuliza.

"Vumbi. Likiingia kwenye vanishi mbichi, kazi yote imeharibika."

Bilhah alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa imenyesha Sosiot tangu mchana na mashamba ya chai yalikuwa yamelowa chapachapa. Vumbi lingetoka wapi? Hakuuliza. Ndoa ilikuwa imemfundisha maswali ya kuacha.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, ya zamani, na sakafu yake ya mtarakwa ilikuwa imefichwa chini ya kapeti ya plastiki kwa miaka. Majirani waliposikia inasuguliwa upya walisema biashara ya viazi imekubali. Wengine wakasema Gitonga anampenda mkewe. Laiti wangejua! Gitonga hakuwa na haja ya sakafu nzuri. Alitaka sakafu mbichi.

Kila aliposafiri kununua viazi, wivu ulisafiri naye. Alikuwa na hakika kuna mwanamume anayeingia kwake. Hakujua ni nani, ndiyo maana aliwashuku wote. Alimshuku Antony, mwalimu wa kwaya, kwa sababu Bilhah alirudi kutoka mazoezini akiimba. Alimshuku Ombui wa kituo cha majani chai, kwa sababu alimpimia Bilhah majani huku akicheka. Akirudi safarini alinusa sweta za mkewe, akapapasa viti kama vina joto la mtu, akapekua simu. Hakupata kitu, na kutopata huko kulimuuma kuliko kupata.

"Wewe Gitonga," Bilhah alimwambia siku moja, akiwa amechoka hata kulia, "siku nikizikwa utawaonea wivu wachimba kaburi."

Hata fundi alimchagua kwa wivu. Aliwakataa vijana wote wenye mashine za kusugua mbao, akamleta Chepngeno, mama mmoja mcheshi mwenye mikono mizito. Chepngeno alinguruma na mashine yake chumba baada ya chumba, akamalizia pembe kwa msasa wa mkono, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye kope. Mtarakwa ukatoa wekundu wake na harufu yake tamu.

"Mzee, hii sakafu ilikuwa inateseka bure," alisema Alhamisi jioni. "Vyumba vya nyuma vimekauka. Imebaki sebule. Napaka nikianzia huko ndani, narudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mtu asikanyage mpaka kesho jioni. Hii baridi yetu inachelewesha vanishi."

"Na mtu akikanyaga?"

"Wacha tu! Hata kuku akipita hapo utamjua."

Gitonga nusura amkumbatie.

Sebule ndiyo iliyokuwa njia pekee iliyobaki, kwa maana madirisha yote yalikuwa na vyuma. Yeye angekwenda Kimulot kununua viazi na kurudi Jumamosi. Bilhah angebaki vyumba vya nyuma na chakula chake. Mwanamume yeyote ambaye angejaribu kumfikia angeacha nyayo, na hapo Gitonga alikuwa amekwisha kupanga: angezipima kwa kamba, kisha awazungukie wanaume wa Sosiot mmoja mmoja, wavue viatu.

Chepngeno alipaka, akarudi nyuma, akapaka, hadi akatoka nje. Bilhah alisimama ng'ambo ya sebule iliyokuwa ikimeremeta.

"Na mimi nikitaka kutoka?"

"Utatoka ikikauka. Kwani unaenda wapi?"

Bilhah aliingia chumbani, akafunga mlango. Mlio wa mlango huo Gitonga aliubeba hadi Kimulot.

Huko hakupata usingizi. Ijumaa alipiga simu ya mkewe, ikawa imezimwa. Akapiga tena na tena. Kila ilipomwambia mteja hapatikani, yeye alimwona Antony akiingia sebuleni, au Ombui, au wote wawili. Jumamosi alinunua viazi bila hata kuvichagua, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya maishani, akakimbilia nyumbani.

Alisukuma mlango, akainama.

Hakukuwa na alama. Si kisigino, si kidole. Alikagua kutoka pembe hii hadi ile, akainama zaidi mpaka kofia ikamdondoka. Sebule nzima iling'aa kama maji kwenye beseni.

Gitonga aliketi pale kizingitini, machozi yakamtoka. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimtesa mwanamke asiye na kosa! Aliona haya, na chini ya haya aliona raha ambayo hakuwahi kuionja tangu aoe. Angeng'oa misumari ya jikoni leo leo. Angemwomba msamaha kwa magoti. Angempeleka mazoezi ya kwaya yeye mwenyewe na kumsalimia huyo Antony kwa mikono miwili.

"Bilhah! Mama, nimerudi!"

Hakuitikiwa. Amenuna, Gitonga alijiambia, na ana haki ya kununa. Akavua viatu, akatia mguu ndani kwa furaha.

Soksi ikanata.

Akagusa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa mbichi, huku mlangoni na kule mbele pia. Akatoa simu, akampigia fundi, sauti yake ikiwa bado na kicheko.

"Mama Chepngeno, hii vanishi yako ni ya aina gani? Tangu Alhamisi mpaka leo haijakauka?"

"Ya Alhamisi ilikauka, mzee. Hiyo nimerudia leo asubuhi. Nilikuja kuchukua mashine yangu, nikakuta mama wa nyumba alikuwa ameikanyaga ikiwa bado mbichi, kutoka chumbani mpaka nje, akivuta masanduku."