Moduli ya Bi Harusi

Tangu sheria iseme kila mtu atambuliwe na ukuta wa mtandao wa nyumba moja tu, kungwi hana budi kujua kushika bisibisi. Mimi nimeshachomoa kwenye kuta za kwao moduli za utambulisho za wari arobaini wanaoolewa, na sijaunguza hata moja.

Asubuhi ya harusi ya Mishi nilimweleza mama yake, Bi Zuwena, utaratibu wangu. Kwanza naizima moduli ya mwanawe, nasubiri taa yake izimike kabisa, ndipo nalegeza skrubu na kuivuta polepole. Anayefanya pupa huangusha ukuta mzima, nyumba ikabaki wazi kwa wezi wa mtandao.

"Haina madhara, somo?"

"Hata kidogo. Ni kipande cha chuma tu."

Taa ilizimika. Nikaivuta, nikaifunga kwenye kanga ya kupelekwa kwa mume, kisha nikaziba pengo kwa kifuniko. Kazi safi.

Mara Mishi akarudi kutoka kwa jirani, alikokwenda kupakwa hina.

"Mgeni, msubiri mwenyeji," mlango ukamwambia.

"Mama!" akaita kutoka nje.

Bi Zuwena alinitazama kwanza mimi, kisha akausogelea mlango.

"Mfungulie," akasema taratibu. "Ni mgeni wangu."